Mtindo wa Ganzi

Kura zilipigwa kwa kofia ya mpishi, na darasa la Sisimizi likaangukia muongo wa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Wakapiga vigelegele kana kwamba wametwaa nchi. Darasa la jirani lilipata muongo wa wazee wa makoti marefu walioimba mikono nyuma, macho juu, kama watu wanaongoja kupimwa. Likanywea kama puto la juzi.

Kila mwaka shule ilifunga muhula kwa siku ya wageni, na mwaka ule mwalimu wa muziki alikuwa ameamua kuwe na Tamasha la Miongo. Kila darasa lingeonyesha nyimbo na michezo ya muongo mmoja, kuanzia enzi za mabibi na mababu mpaka jana asubuhi. Lengo, kwa maneno yake, lilikuwa vijana wajue walikotoka. Vijana walijua vizuri sana walikotoka: nyumbani. Walichotaka kujua ni lini wangerudishwa.

Mwalimu huyo walimwita Filimbi, kisogoni kwake tu, kwa sababu mazoezini hakutumia mdomo kwa kazi nyingine. Akapuliza. Wakanyamaza.

"Muongo wenu ndio muongo wa Ganzi," alisema. "Nani ataongoza?"

Ganzi haikuhitaji maelezo. Hapakuwa na harusi isiyoipiga, wala mtoto aliyefundishwa kuicheza. Watu walizaliwa nayo kama kitovu. Kiongozi anaburuta mguu wa kushoto. Anaita "Mguu!" na watu wanaitikia "Ganzi!" Anauachia mkono uning'inie kama kamba ya ndoo, anaita "Mkono!" nao "Ganzi!" Kisha anaupinda mdomo, anayumba, anaanguka chini pu! Wenzake wanamzunguka wakicheza mpaka ngoma inyamaze. Watu wengi hawafiki mwisho kwa kucheka.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Bonge, mvulana mnene mwenye roho safi. Akaanguka kama gunia la mkaa linaloshushwa na mtu mwenye hasira. Filimbi akafumba macho.

Ndipo akasimama Sisimizi. Alipewa jina hilo kwa kimo chake, akalitunza kwa tabia: alikuwa mdogo, haonekani anakopita, na ulijua amepita ukishaanza kujikuna. Ni yeye aliyemwambia Bonge kwamba mkaguzi wa shule amekuja kukagua meno, Bonge akasimama mlangoni pa ofisi na mswaki mdomoni mpaka mkuu wa shule akatoka kumuuliza kama nyumbani kwao wanajua. Na kila Jumamosi ya kufua nguo, Sisimizi aliwachekesha wenzake bombani kwa kutembea kama babu yake.

Basi akatembea hivyo. Hakubuni kitu. Aliuacha mguu wa kushoto ulale ubavu, uje nyuma kama mbwa asiyetaka kuogeshwa. Bega likashuka, mdomo ukaenda upande. Darasa likavunjika mbavu. Filimbi akavua miwani.

"Umejifunza wapi hiyo?"

"Nyumbani, Mwalimu."

"Kwenu kuna mchezaji?"

"Kuna babu, Mwalimu. Ila yeye hachezi. Anaenda msalani."

Wakacheka upya. Kazi akapewa palepale.

Mwisho wa juma waliruhusiwa kwenda kuandaa mavazi. Nyumbani kwa Sisimizi mavazi hayakuwa tatizo, kwa maana bibi yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele chote kilikuwa kazini: cherehani dirishani kwenye mwanga, pasi juu ya tofali, vipande vya vitambaa chini kama maganda. Mama yake Sisimizi alifanya kazi mbali na alikuja kwa simu zaidi kuliko kwa miguu. Aliyekuwepo siku zote ni Babu, kwenye kiti karibu na mlango, upande wake wa kushoto wote ukiwa umemsusa tangu kabla Sisimizi hajazaliwa.

"Alianguka kazini," ndivyo mtoto alivyoambiwa kila alipouliza. Ulikuwa ukweli, lakini ukweli wa aina hiyo ni kama suruali inayobana: unaivaa, ila usiiname.

"Simama wima, mke mwenzangu," Bibi alisema, pini zikiwa midomoni, akipima mguu wa bugaluu. "Umejipinda kama njiti iliyoungua."

"Nimesimama, Bibi. Hapa ndipo ninapoishia."

Kutoka kwenye kiti Babu akakohoa, ishara kwamba neno liko njiani. Maneno yake yalikuja moja moja, na ilikuwa adabu ya nyumba ile kuyangoja.

"Mke mfupi… hali… sana."

"Umesikia, Bibi? Mume ameshachagua."

"Mchukue. Na kumwogesha umwogeshe." Bibi akachomeka pini gotini. "Haya, mtacheza nini na suruali pana kama shuka?"

"Ganzi! Na mimi ndiye ninayeanguka. Ngoja muone."

Mkono wa Bibi ukasimama gotini. Lakini Sisimizi alikuwa ameshachomoka, akielekea mlangoni kwa mguu wa kuburuta, pini zikimchoma, akiita "Mguu!" na kungoja kuitikiwa. Hakuitikiwa. Alipofika usawa wa kiti akatazama chini, na hapo akaona miguu miwili ya kushoto imelala ubavu sakafuni, mmoja wake, mmoja wa Babu ndani ya ndara, imefanana kama pacha. Akauvuta wake haraka, kama aliyekanyaga moto.

Babu alikuwa anamtazama. Hakukasirika. Alikuwa anamtazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Njoo unisaidie kuanua nguo," Bibi alisema. Nguo zilikuwa mbichi bado.

Nyuma ya nyumba, kati ya mashuka, akaambiwa.

"Babu yako alikuwa mwimbaji. Hilo unalijua?"

"Najua aliimba imba."

"Hakuimba imba. Aliimba. Siku ile alikuwa na wimbo wa mtu anayemngoja mpenzi wake kwenye kona tangu asubuhi, na mpenzi haji. Katikati ya wimbo mguu ukamfa. Akageuka amwambie mpiga ngoma, kipaza sauti kiko mdomoni: 'Mguu wangu umekufa ganzi.' Watu wakadhani ndio wimbo wenyewe. Maskini, amengoja mpaka mguu umekufa ganzi! Wakaitikia. Akasema mkono. Wakaitikia. Mdomo ukapinda, nao wakapinda yao."

Sisimizi alikuwa ameshika ncha ya shuka na hakuikunja.

"Akaanguka," alisema.

"Akaanguka. Wakamzunguka wakicheza mpaka wimbo ukaisha. Mimi nilikuwa nyumbani nampigia pasi shati la kesho yake. Majirani wakaja mbio kunipa hongera: mumeo ametoa mtindo mpya! Nikawaandalia chai. Hospitali ndiyo iliyonipa habari baadaye." Bibi akalivuta shuka, akalianika tena vilevile. "Bendi ikatafuta mwimbaji mwingine, wakaurekodi na kuanguka kwake. Ndiyo maana harusini kichwa huniuma mapema."

Sisimizi aliyakumbuka mabomba yote na Jumamosi zote. Akaingia ndani, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Babu, nitamwambia Mwalimu sitaki tena."

Babu akatikisa kichwa.

"Nitakuja… kukuona."

"Unajua unakuja kuona nini lakini?"

"Najua… kuliko… nyie."

Sisimizi akangoja Babu apumue. Kisha akamuuliza swali ambalo, alivyofikiri baadaye, pengine hakuna aliyewahi kumuuliza, maana wote walikuwa wanamhurumia na huruma haina maswali.

"Pale chini, Babu, ulikuwa unataka nini?"

Bibi mlangoni alisimama na kapu tupu la nguo.

"Mtu… aniinue," Babu alisema. "Niliona… viatu. Viatu tu. Nikangoja."

"Basi nitaanguka," alisema Sisimizi, "na safari hii utaona mtu anainuliwa. Ngoma ikiwa inalia bado. Mbele yao wote."

Babu akamwekea mkono mzima kichwani, akauacha hapo.

Jumatatu alimfuata Filimbi chumba cha muziki, akamkuta anafuta vumbi kwenye kinanda. Akamweleza yote, bila chumvi wala pilipili. Filimbi alisikiliza huku uso wake ukitafuta mahali mzaha ulipofichwa.

"Yaani aliyeanzisha Ganzi ni babu yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na alikuwa anaumwa."

"Ndiyo, Mwalimu. Naomba niinuliwe kabla ngoma haijaisha."

"Mwanangu, Ganzi inaishia chini. Ukiinuliwa hiyo si Ganzi, hiyo ni huduma ya kwanza." Akakung'uta kitambaa dirishani. "Muhula uliopita nani aliwatangazia watu bwaloni kwamba nimechumbia? Wapishi wakaniimbia."

"Ule ulikuwa mzaha, Mwalimu."

"Nilipokuuliza siku ile ulisemaje?"

Sisimizi akatazama viatu vyake. "Nilisema si mzaha."

"Haya. Nenda kafanye mazoezi."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga, ambao kwa hakika waliwahi kusoma bweni. Akaenda kwa Bonge. Bonge alikuwa mmoja wa wazungukaji, na ndiye pekee mwenye kifua cha kuinua mtu bila kuhesabu kwanza. Alimkuta nyuma ya jiko anakwangua ukoko wa sufuria.

"Nikishaanguka, nikisema 'sasa', unakuja unaninyanyua. Basi. Usiulize mtu."

Bonge akasimamisha kijiko. "Haya ni mambo ya mswaki?"

"Siyo, Bonge. Naapa."

"Mswaki pia uliapa."

Akamweleza kuhusu Babu. Alipofika kwenye viatu akalia, na Bonge, ambaye hakuwahi kumwona akilia bila kitunguu, akaweka sufuria chini.

"Nikikuacha pale chini," alisema kwa sauti nzito kama anayeapishwa kuwa rais, "ninyimwe chakula cha jioni muhula mzima."

Kwa Bonge, kiapo kikubwa kuliko hicho hakikuwepo.

Siku ya wageni bwalo lilisukumiwa meza zake mwisho, mbao zikapangwa juu ya matofali likapatikana jukwaa la kufika magotini, na juu yake pazia la mashuka ya bweni la wavulana, lililowekwa mbali na wageni kwa sababu zake. Wageni wakajaa. Babu aliketishwa safu ya mbele, ukingoni, shati limenyooka kama karatasi. Bibi alikuwa kando yake, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Alikuwa ameusahau, au alikuwa anahitaji kitu cha kushika.

Wazee wa makoti marefu waliimba mikono nyuma na wakapigiwa makofi ya adabu. Kisha Filimbi akapuliza, ngoma ikaanza, na kabla hata mtoto hajatokea, bwalo zima lilikuwa limesimama. Hiyo ndiyo nguvu ya Ganzi. Watu wazima, wenye vyeo na vitambi, walianza kutikisika kabla hawajajiuliza.

Sisimizi akatoka na bugaluu lake.

"Mguu!"

"Ganzi!" Mabati yakaitika.

"Mkono!"

"Ganzi!"

Hakuiga kama bombani. Aliburuta mguu taratibu, bila mbwembwe, akimtazama mtu mmoja tu, na kadiri alivyokosa mbwembwe ndivyo walivyozidi kucheka, maana ilikuwa yenyewe kabisa. Babu hakucheka wala hakuitikia. Mdomo wake mzima ulikuwa unafuata maneno ya mwanzo ya wimbo, yale ya kona na asubuhi, ambayo hakuna mtu mwingine bwaloni aliyeyajali.

Sisimizi akapinda mdomo. Akayumba. Akaanguka.

Shavu likagusa mbao. Wenzake wakaanza kuzunguka, na ikawa kweli kama alivyoambiwa: viatu. Raizoni za kuazima, visigino vya maboksi, vumbi. Akaviona vya Bonge, vikubwa kama mitumbwi, vikija.

"Sasa," akasema.

Bonge akainama. Mkono wake ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Lakini kwenye benchi la madarasa ya juu kulikuwa na watu wasiosahau, na mmoja wao akapaza sauti, "Bonge! Mswaki!" Benchi zima likapasuka. "Mswaki! Mswaki!" Filimbi, pembeni, akatoa mlio mfupi mkali. Bonge akamtazama Sisimizi pale chini, mdomo bado umepinda, macho yamemtoka, uso uleule aliokuwa nao kila alipomdanganya, na mkono ukarudi. Akajikuna nao kichwa kwa mapigo ya ngoma, kama sehemu ya mchezo, akaendelea kuzunguka.

"Bonge, niinue."

Viatu vikapita.

Angeweza kusimama mwenyewe. Miguu yake yote ilikuwa mizima, na hilo ndilo lililomchoma. Lakini kusimama mwenyewe si kuinuliwa, naye alikuwa ameahidi. "Niinueni," akasema kwa wote. Wakadhani ameongeza maneno, na mmoja wao akaitikia, "Ganzi!"

Ndipo makofi yakabadilika. Yaliacha kufuata ngoma, yakaanza kufuata kitu kingine kilichokwenda polepole. Kishindo, mburuzo. Kishindo, mburuzo. Sisimizi aliijua sauti ile kuliko sauti yake.

Babu alikuwa ameinuka kwenye kiti.

Alikuwa anakuja jukwaani, bila fimbo, mkono mzima umenyooshwa mbele kumwelekea mtoto aliye chini, mkono mwingine unaning'inia. Na wageni walipomwona wakaelewa mara moja, kama watu wanavyoelewa vibaya: shule imewaandalia kituko. Wakampisha. Wakampigia makofi kwa kila mburuzo. "Mguu!" akapiga kelele baba mmoja wa mtoto, na bwalo likajibu. "Mzee anaijua kuliko hawa watoto!" Bibi alikuwa anasukuma watu nyuma yake, nao wakimwambia, "Mama, tulia, usimharibie."

Babu akafika kwenye mbao. Akapandisha mguu wa kulia. Wa kushoto ukabaki ulipo. Akajivuta, akauita, akajivuta tena, na macho yake hayakutoka kwa Sisimizi. Kisha akaenda upande, taratibu, kama mlango unaofungwa na upepo mdogo, akaanguka ukingoni mwa jukwaa.

Siku ile hapakuwa na makofi makubwa kuliko yale.

Sisimizi aliruka. Akamshika mkono, akavuta.

"Siyo… huo," Babu alisema. Ulikuwa mkono wa kushoto.

Akashika wa kulia, akavuta, hakumsogeza hata kidogo. Alikuwa Sisimizi kweli sasa. "Mwinueni!" akapiga kelele kwa watu. "Mwinueni, anaumwa! Siyo mchezo!" Nao, wakiwa wamelegea kwa kicheko, wakamjibu kwa sauti moja lile neno.

Aliyekuja ni Bonge. Alishuka jukwaani kwa kishindo, uso umelowa machozi, bugaluu likampasukia nyuma tangu kiunoni, na wageni wakapata cha kucheka zaidi. Hakujishika hata matako. Bibi alikuwa ameshafika. Wakamnyanyua watatu, wakamtoa kwa mlango wa jikoni, na nyuma yao ngoma ilikuwa inalia bado.

Wakamketisha kwenye benchi la wapishi. Bibi akamfungua vifungo vya shati. Bonge alisimama anarudia, "Nilidhani… nilidhani…" na Sisimizi hakumwambia asidhani.

Mgeni mmoja akawafuata, amevaa suti, anahema kwa furaha, simu mkononi.

"Hongera mzee! Hongera sana! Naomba urudie kidogo pale pa mwisho, simu yangu ilichelewa kufunguka."

Babu alikohoa. Wote wakangoja, kwa adabu ya nyumbani kwao. Hata mgeni akangoja, simu juu.

"Mke wangu," alisema, na haikujulikana ni yupi kati yao anayemwita. Alikuwa anatazama mguu wake wa kulia kama kitu alichokiona njiani. "Mguu… huu… nao."

"Ganzi!" akajibu mgeni, akacheka.

Bibi alishaelewa, utepe ulikuwa umeshamtoka shingoni. Bonge hakuuliza safari hii. Alimgeuzia Babu mgongo, akachuchumaa, wakampakia, akaanza kwenda kuelekea lango, ambako kulikuwa na barabara, na kama Mungu angependa, gari. Bwaloni darasa linalofuata lilikuwa limeshaingia na muongo wake. Sisimizi alikimbia pembeni. Mkono wa kulia wa Babu ulikuwa umelala begani kwa Bonge, akaushika, akaubana. Akaubana tena, kwa nguvu, akingoja nao umbane.